Panga Linalowekwa Chini

Siku ya kugawana vitu vya mama, shangazi yangu alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Wengine walikuwa wameshachagua. Mmoja alibeba sufuria kubwa za karamu, mwingine akabeba thermosi yenye maua, na mke wa kaka yangu akachukua vitambaa vya makochi ambavyo mama alivifuma mwenyewe kwa uzi mweupe. Zamu yangu ilipofika nikasema nataka panga.

"Panga?" shangazi akauliza. "Na wewe unakaa mjini, Manyatta? Utakata nini huko, lami?"

Wakacheka wote, nami nikacheka, maana msiba nao hufika mahali watu wakachoka kulia. Lakini sikuwa natania. Nilitaka lile panga ambalo mpini wake ulizungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, lililonolewa miaka mingi hadi likawa jembamba kama kisu cha kupaa samaki. Nikaenda jikoni kulichukua nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Halikuwapo. Nikatafuta chini ya kitanda, nikatafuta ghalani, nikatafuta hata kwenye kizimba cha kuku. Kaka akasema pengine limeibwa wakati wa matanga, watu walikuwa wengi. Kisha, kwa kuwa tulikuwa tukizungumzia vya kuchukua na vya kuacha, akaongeza kwamba shamba nalo tulifikirie. Yeye yuko Nakuru, mimi niko mjini, na kuna mtu wa mpunga anayetaka kulikodi, ila anataka ua wa mpakani ung'olewe kwanza ili trekta lipite.

Nilikaa juu ya gogo la kuni, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama nikalia kwa sauti. Wenye umri wangu mtanielewa. Mzazi unamzika umesimama wima, halafu kitu kidogo tu kinakuangusha.

Kwetu ni tambarare za Kano, chini kidogo ya Ahero, ambako udongo ni mweusi, ukilowa unamvua mtu viatu na ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Kati ya shamba letu na la jirani kulikuwa na ua wa ojuok. Ojuok ni mmea wa ajabu kidogo, hauna majani ya kuonekana, ni vijiti vya kijani tu vilivyosongamana, na ukikata kimoja kinatoka utomvu mweupe kama maziwa. Harufu yake ni kali, mbichi, inakwama kooni. Utomvu huo ukiingia jichoni utaimba nyimbo ambazo hukufundishwa. Kwa hiyo sisi watoto tuliukimbia ua huo kama tulivyomkimbia mwalimu wa hesabu, na kuukata ilikuwa kazi ya watu wazima peke yao.

Mababu walikuwa wamegawana kazi. Kutoka barabarani hadi kwenye kichuguu kikubwa ilikuwa nusu yetu, na kutoka kichuguu hadi kwenye mtaro wa maji ilikuwa nusu ya jirani. Kila mtu alikata nusu yake na kuziba mianya yake kabla ya mvua za Machi. Hakuna aliyegusa nusu ya mwenzake, hata kama ni kijiti kimoja kilichoanguka, kwa sababu karatasi za mashamba zilikuwa bado kwa majina ya watu waliokufa zamani, na pale kwetu anayekata ua ndiye mwenye shamba. Ukikata nusu ya mtu, umeanza kumla.

Jirani huyo alikuwa Baba Akoth. Bintiye, Akoth, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikaa dawati moja, tuligawana muwa mmoja, tukiugua tuliugua pamoja ili tusiende shule pamoja.

Halafu mto ukafurika. Maji yalikuja na kubeba kuku, vyoo, na nusu nzima ya ua wa kina Akoth, kutoka kichuguu hadi mtaroni. Nusu yetu ilikuwa juu kidogo, ikapona. Maji yalipokauka Baba Akoth akashikwa na homa. Walimpeleka hospitali wakiwa wamechelewa, na akarudi kwa gari la msiba. Akamwacha Mama Akoth, Akoth mwenyewe, na mtoto wa kiume aitwaye Ouma ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea.

Nakumbuka nilichoelewa na nisichoelewa. Nilielewa kwamba Mama Akoth sasa alivaa koti la marehemu mumewe na hakutoka nyumbani kwake. Nilielewa pia kwamba mjane aliye katika mwiko haingii kwenye boma la mtu, hasalimiani kwa mkono, na kitu hakitoki mkononi mwake kwenda mkononi mwa mwingine. Nisichoelewa ni kwa nini mwiko wake haukwisha. Wajane wengine niliowajua walirithiwa na shemeji, maisha yakaendelea. Mama Akoth alimkataa shemeji yake, Mzee Ondiek, na kwa kumkataa akabaki ndani ya mwiko kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Mzee Ondiek alikuwa mtu wa kucheka cheka, mwenye kofia ya kijani, na ng'ombe wake walikuwa wengi kuliko malisho yake. Ng'ombe hao walipita mtaroni, wakapita katika shamba la Mama Akoth, wakapita pale ambapo ua ulikuwa umebebwa na maji, wakaja kula mtama wetu. Siku moja alikuja mwenyewe hadi uani kwetu akasimama mbele ya mama yangu.

"Nyar Seme," akamwambia, maana mama alizaliwa Seme, "ng'ombe zinakumaliza. Si uende tu kwa mzee wa kijiji ulalamike? Sema fensi ya jirani imekufa na hakuna mwanaume wa kuisimamisha. Mimi nitasimamisha. Sitaki shukrani."

"Ng'ombe ni za nani, Mzee?" mama akauliza.

"Aa, ng'ombe ni ng'ombe."

"Basi nikiamua kulalamika nitakuita."

Akaondoka akicheka. Mama akabaki amesimama na mwiko wa ugali mkononi, na ugali ukaungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Baba, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari na kuja mwisho wa mwezi, alipoambiwa alisema mambo ya shemeji na shemeji hayaingiliwi. Mama hakubishana. Alimpa chakula, akampa maji ya kuoga, akanyamaza. Waliomjua mama walijua kwamba akinyamaza namna ile, ameshaamua.

Kesho yake alianza kukata nusu yetu, ingawa haukuwa msimu wake. Alijifunga kitambaa usoni, akaacha macho tu, akakata vijiti vya ojuok virefu kama mkono, akavipanga kivulini nyuma ya jiko. Vikakaa pale siku kadhaa hadi utomvu ukakauka kwenye mikato. Kisha nikamwona, kwa macho yangu haya, akivibeba kwa mafungu hadi ng'ambo ya kichuguu, akivitupa upande wa kina Akoth. Akatupa, akageuka, akarudi nyumbani bila kuangalia nyuma. Mama Akoth alikuwa amesimama mlangoni kwake akiona. Hawakusalimiana. Jioni ile mama akarudi tena na panga, akaliweka chini, ng'ambo ile ile, akageuka tena.

Nilihisi joto la aibu hadi masikioni. Mwanamke amefiwa, mto umemnyang'anya ua, nasi tunamtupia taka shambani. Na panga lile la kuwekwa chini mbele ya mtu, bila neno! Katika sinema za kijiji tulizoziona shuleni, panga la namna hiyo lilikuwa na maana moja tu. Nikajua mama anamwambia ahame.

Akoth alikuwa ameelewa vile vile. Shuleni alihamia dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko nilimfuata na kipande cha muwa, akakikataa.

"Mama yako anatutupia takataka," akasema. "Uncle Ondiek amesema nyinyi ndio mnataka shamba yetu. Amesema tutarudi kwa kina nyanya, Homa Bay, na mama atakuwa tu wa kulima shamba ya watu."

"Si kweli."

"Sasa hizo ojuok ni za nini?"

Nilirudi nyumbani nimekaza meno, nikamkuta mama anapepeta mtama, nikamwambia yote kwa pumzi moja, na mwisho nikamwambia kwamba yeye ni mtu mbaya. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Mama aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Jumamosi usiende mtoni. Utanishikia kamba."

Jumamosi asubuhi tulitoka, yeye mbele na mimi nyuma, nikibeba kamba ndefu ya katani. Kwenye kichuguu alifunga ncha moja kwenye kisiki cha ojuok yetu ya mwisho. Ncha nyingine aliibeba akitembea kwenye ardhi yetu hadi karibu na mtaro, akaiweka chini ng'ambo, akarudi hatua kadhaa, akageuka. Mama Akoth akatoka nyumbani kwake amevaa lile koti, akaiokota kamba, akaivuta ikakaza, akaifunga kwenye kigingi cha zamani ambacho maji yalikiacha. Mstari ukawa umenyooka juu ya udongo mweusi, pale pale ambapo ua ulikuwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba zile takataka zilikuwa zimepangwa kivulini kwake vizuri kabisa, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, na kwamba lile panga alilokuwa nalo Mama Akoth mkononi, akilitumia kuchonga ncha, ni la mama.

"Ulidhani natupa taka?" mama akaniuliza bila kunitazama.

"Kwa nini hukumpa tu mkononi?"

"Haipewi mkononi. Na mimi sitavunja mwiko wa mtu aliyebeba mzigo wake vizuri. Lakini kuweka chini, nani amekataza kuweka chini?"

"Si umpandie basi, mama, hajazoea."

Akanigeukia. "Nikipanda mimi, hii nusu ni yangu. Ondiek akipanda, ni ya Ondiek. Lazima ipandwe na nyumba yake. Umesikia? Na nyumba yake."

Mama Akoth alichimba mashimo kwa mtalimbo, moja baada ya jingine, kandokando ya kamba, hadi jasho likalowesha koti la mumewe mgongoni. Mama alikuwa upande wetu akichimba nyasi zisizohitaji kuchimbwa, ili tu mwenzake asiwe peke yake. Waliongea wakiwa wamepeana mgongo, kuhusu bei ya mtama na mguu wa mama mkwe wa fulani. Mashimo yalipokwisha wakanyamaza wote wawili. Nikajua wamefika kwenye jambo gumu, na hata mimi nililijua: kijiti cha kwanza cha ua hakisimikwi na mwanamke. Lazima awe mwanamume wa boma hilo. Na mwanamume wa boma lile alikuwa amelala chini ya udongo ambao haujatulia. Ndilo jambo ambalo Mzee Ondiek alikuwa akilisubiri, akicheka cheka chini ya kofia yake.

"Akoth!" Mama Akoth akaita. "Mlete mwenye boma."

Akoth akatoka ndani amembeba Ouma. Mtoto hakuwa na suruali. Alikuwa na shati linalofika magotini na kofia ya marehemu baba yake, ambayo ilimshuka hadi puani. Mama Akoth akamsimamisha mbele ya shimo la kwanza, akampa kijiti cha ojuok, akamkunja vidole vyake juu yake. Ouma akakitazama. Kisha, kama mtoto yeyote mwenye akili, akakipeleka mdomoni.

Wanawake wote wawili walipiga kelele. Mama alipiga hatua, mguu ukawa hewani juu ya kamba, akaurudisha kwa nguvu hadi akapepesuka. Akoth ndiye aliyemdaka mdogo wake mkono. Tukatazamana, mimi na yeye, juu ya ile kamba, na sijui nani alianza, tukacheka hadi tukakaa chini.

"Baba, hapa," Mama Akoth akambembeleza. "Hapa chini, baba. Simamisha boma lako."

Ouma akakichomeka kijiti shimoni. Kikaanguka, akakiokota, akakichomeka tena, safari hii akakikanyagia udongo kwa mguu wake mtupu kama alivyoona mamake akifanya. Kisha akapiga makofi akijipongeza.

Mama yangu alishika kiuno. Macho yake yalikuwa yamejaa, na haikuwa ojuok. "Mwanamume amesimika," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Sasa sisi tuendelee."

Mzee Ondiek alikuja kabla mvua hazijaanza, akiwa na mzee wa kijiji, mtu mrefu mwenye gambuti na kikohozi. Tulisikia sauti tukakimbilia kwenye kichuguu. Vijiti vilikuwa vimeshika, vimesimama mstari mmoja hadi mtaroni.

"Mimi nauliza kitu moja tu," Ondiek akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Hii fensi, nani mwanaume aliisimamisha? Kama ni nyar Seme, ameingilia shamba yetu. Kama ni mwanamke wa ndugu yangu, amevunja mila."

Mama Akoth akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Ndiye yule anakula ugali."

Mzee wa kijiji akageuka kumtazama Ouma, ambaye alikuwa amejipaka ugali hadi nyusi. Kikohozi kikampata ghafla, kikamtikisa mabega kwa muda mrefu kuliko kawaida ya kikohozi.

"Huyo ni mtoto!" Ondiek akasema.

"Kwani msibani ulisema nini, shemeji?" Mama Akoth akauliza. "Si ulisimama mbele ya watu wote ukasema ndugu yako hajapotea, ameacha mwanaume kwa boma? Watu wakapiga makofi. Ni mwanaume yupi ulikuwa unasema?"

Mzee wa kijiji akajifuta macho, akamgeukia mama. "Na wewe jirani, una malalamiko yoyote juu ya hii mpaka?"

"Sina," mama akasema. "Nusu yangu iko, nusu yake iko. Kama ng'ombe za mtu zimekosa njia, huyo ndiye aulizwe malalamiko yake."

Ikaisha hivyo. Hakuna aliyemwinua mwingine begani, hakuna karamu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Mzee Ondiek alibaki shemeji, na kila msimu alijaribu jambo jingine. Lakini kila msimu ojuok ilikuwa nene zaidi, na kila msimu Mama Akoth alikata nusu yake kutoka kichuguu hadi mtaroni. Akoth alirudi dawatini kwetu. Ouma alikua akapata suruali, na leo anaendesha trekta huko kwenye mpunga.

Mwiko wa Mama Akoth watu walichoka kuutaja, kisha wakausahau. Wao wawili hawakusahau. Walikuwa na panga moja, lile la mama, na hata walipokuwa wazee walilipitisha vile vile, mmoja anaweka chini, anageuka, mwenzake anaokota. Nadhani mwanzoni ilikuwa heshima, baadaye ikawa mchezo wao ambao sisi wengine hatukualikwa. Sikuwahi hata mara moja kuona panga lile likitoka mkono kwenda mkono juu ya ule ua.

Asubuhi iliyofuata ile siku ya kugawana vitu, kabla wageni hawajaamka, nilisikia kishindo ninachokijua. Ta, kimya, ta, kimya. Nilivaa gambuti za mama nikashuka kwenye umande. Harufu ya ojuok ilinikuta kabla sijafika, ile harufu mbichi ya kukwama kooni. Sauti ilikuwa upande wa barabara, kwenye nusu yetu.

Mama Akoth alikuwa ameinama, mgongo umepinda, leso imefungwa usoni, macho tu. Mkononi alikuwa na panga lenye mpini wa tyubu.

"Jana nimelitafuta hilo panga hadi nikalia," nikamwambia.

"Tangu mama yako alazwe niko nalo. Nilikuwa nakata huku kwenu kidogo kidogo, alfajiri, watu wakiwa wamelala." Akanyoosha mgongo polepole. "Watu wasije wakaona fensi imelala waseme nyumba ya nyar Seme haina mtu. Nimesikia hata mambo ya trekta. Ouma aliambiwa aje kung'oa. Amekataa."

Nikangoja aliweke chini. Hata nikaanza kuinama, mkono umeshakwenda kwenye nyasi.

"Unainamia nini?" akaniuliza. "Mimi si mjane wa jana. Na mwenye kuniwekea chini amekwenda. Shika."

Alilinyoosha juu ya vijiti, mpini mbele, makali kwake. Nikalipokea mkononi mwake. Tyubu ilikuwa na joto.

"Nimefika kwa hicho kisiki. Anza hapo, na ufumbe macho ikiruka."

Nikaanza hapo. Niliukata ua ule vibaya, kama mtu wa Manyatta, lakini niliukata, na utomvu ukanirukia mikononi na sikujali. Baada ya muda mlango wa nyumba ukafunguliwa, na sauti ya kaka yangu, nzito ya usingizi, ikatoka hadi kwetu.

"Nani anakata huko kwa fensi?"

Mama Akoth akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Mwenyewe."